Bwana Kesho: Miaka Thelathini na Mitatu kati ya Keki na Biskuti

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, Bwana Kesho atafunga mlango wa chumba cha sampuli kwa mara ya mwisho na kukabidhi ufunguo kwa idara ya ubora. Atakuwa amekitumikia kiwanda chetu miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe, na kwa kuwa ni yeye aliyeifanya, hakuna aliyejisumbua kuirudia.

Wahariri wa jarida letu waliniomba mimi, fundi wa tanuri la keki, niandike wasifu wake. Si kwa sababu ya kalamu yangu, maana barua zangu za likizo hurudishwa kila mwaka zikiwa na wino mwekundu. Ni kwa sababu kama si yeye, mimi nisingekuwa fundi wa tanuri hili wala la kiwanda kingine chochote. Habari hiyo nitaifikia, lakini kwanza tumjue mwenyewe.

Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, karani wa stoo, mwembamba, mwenye suruali iliyopigwa pasi kama ya mwalimu. Wiki ya pili alitumwa kupeleka sahani ya biskuti kwa msimamizi wa zamu. Msimamizi akaonja moja, akamuuliza yeye anazionaje. Kijana akaitazama sahani muda mrefu kuliko inavyostahili sahani ya biskuti, kisha akasema, "Leo ni nzuri. Tuziulize kesho." Kicheko kilichotoka upakiaji siku hiyo ndicho kilichomzalia jina. Jina lake la kwenye cheti sasa linajulikana na mkewe na ofisi ya mishahara tu.

Msimamizi yule hakucheka. Mwezi uliofuata alimpa ufunguo wa chumba cha sampuli.

Chumba chenyewe kiko ghorofani, mwisho wa ukumbi, na kina dirisha moja linalotazama paa la ghala la unga. Wengi wenu hamjawahi kuingia. Kuta tatu zina rafu za mbao toka chini hadi juu, na juu ya rafu kuna sahani, na juu ya kila sahani kuna keki au biskuti iliyookwa siku fulani, na kikaratasi chenye tarehe. Nyingine zimefungwa kama zinavyofungwa kwenda dukani, nyingine ziko wazi. Haziliwi na mtu. Zinasubiri tu. Kazi ya Bwana Kesho ilikuwa kusubiri pamoja nazo, na kuandika kinachozipata.

Ukiingia asubuhi, jua linakuwa limeshapenya dirishani, na vumbi la unga linalopanda kutoka ghalani linaelea kwenye mwanga bila haraka, kana kwamba lina siku nzima na halijui la kufanya. Harufu inabadilika kadiri unavyotembea. Karibu na mlango ni siagi mpya, katikati ni vanila iliyochoka, na huko pembeni, kwenye sahani za miezi, kuna harufu kama ya kabati la bibi anayetunza barua. Ukutani kuna saa iliyosimama saa nne na dakika tano tangu enzi za meneja wa kwanza. Fundi umeme aliwahi kutaka kuitengeneza, Bwana Kesho akamwambia aiache ipumzike.

Kila asubuhi alizizungukia rafu moja baada ya nyingine. Keki aliibonyeza kwa kidole gumba, akahesabu polepole hadi alama ya kidole ilipopotea. Biskuti aliivunja karibu na sikio, macho ameyafumba. Tulizoea kumkuta hivyo, amesimama katikati ya chumba, nusu ya biskuti mkononi, uso wake uko mbali kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Ukimsalimu ungojee. Atajibu, lakini baada ya kurudi kutoka alikokwenda.

Wageni walipoletwa kukitembelea kiwanda, waliuliza swali moja karibu kila mara: keki na biskuti zina tofauti gani, ikiwa zote ni unga, sukari na mafuta? Msimamizi wa upakiaji alijibu kwamba moja ina mayai mengi. Meneja wa masoko alijibu kwamba moja ni ya sherehe. Bwana Kesho aliwapeleka wageni chumbani kwake na kuwaacha wabonyeze wenyewe.

"Keki inatoka tanurini ikiwa imejaa maji," aliwaambia, "na kuanzia hapo kazi yake ni kuyatoa. Biskuti inatoka kavu kabisa, na kazi yake ni kuyatafuta. Kwa hiyo keki ikizeeka inakuwa ngumu, na biskuti ikizeeka inakuwa laini. Zinapishana njiani."

Alikuwa akisema hivyo kwa sauti ya chini, kama anayewataja ndugu wawili anaowapenda sawasawa. Baada ya hapo kantini nzima ilianza kugawa watu. Mpishi wa kantini, aliyekuwa mkali ujanani na sasa anawaongezea watu chai bila kuombwa, tulimweka upande wa biskuti. Dereva wa lori la kwanza, aliyeanza kazi akiimba na akamaliza hasemi na mtu, tulisema ni keki. Tulipomuuliza Bwana Kesho yeye yuko upande gani, alifikiri hadi chai ikapoa, akasema tumuulize mkewe. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na hana subira na mambo ya kiwandani, alisema kwamba yeye aliolewa na sahani.

Sasa nifike kwenye habari yangu.

Ilikuwa mwaka wa kumi na moja wa utumishi wake na wa pili wa utumishi wangu. Nilikuwa nimepandishwa kutoka kukoroga hadi kusimamia tanuri la keki, mwanamke wa kwanza kulishika, na kila kilichotoka humo nilikitazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mwaka huo tulianza kuoka kiduara. Mnakijua wote: kitu kidogo cha mviringo, chini ni laini, juu kuna jamu ya chungwa, kimeloweshwa chokoleti upande mmoja. Ni kidogo kama biskuti. Kinakaa mkononi kama biskuti. Meneja wa wakati huo, mtu mwepesi wa kuamua na mzito wa kurudi nyuma, aliamua kwamba ni biskuti. Akatangaza hivyo kwenye maonyesho ya biashara, kikafungwa kwenye karatasi ya kukunja kama biskuti zetu zote, kikapigwa muhuri wa kudumu miezi mitatu kama biskuti zetu zote, kikapelekwa maduka ya mbali.

Baada ya wiki tano makasha yakaanza kurudi. Viduara vilikuwa vigumu kama visigino. Mwenye duka mmoja aliandika kwamba mteja wake alikigonga mezani na watu wa meza ya pili wakageuka.

Meneja aliitisha kikao. Nilikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono nimeifungia ndani ya aproni. Akasema kwamba kiduara kimeharibika kwa sababu kimeokwa vibaya, moto mkali, muda mrefu, na kwamba tanuri lile lina msimamizi mgeni. Hakulitaja jina langu, wala hakuhitaji. Karatasi ilikuwa imeshachapwa: kasoro ya uokaji, mhusika aondolewe kazini. Ilihitaji sahihi mbili, ya meneja na ya mtunza sampuli. Ya meneja ilikuwepo tayari.

Karatasi ikasukumwa mezani hadi mbele ya Bwana Kesho. Akaisoma mara mbili. Nakumbuka nilikuwa nikitazama kidole chake gumba, kile cha kubonyezea, kimelala juu ya mstari wa sahihi.

"Siwezi kuiweka," alisema.

"Huwezi au hutaki?" meneja akauliza.

"Bosi, ninavyo viduara vya siku hiyo hiyo chumbani kwangu, nilivifunga kwenye mfuko usiopitisha hewa. Vimeokwa na dada huyu huyu. Ni laini mpaka leo. Tanuri halina kosa. Kitu hiki si biskuti ndiyo maana hakikukaa kama biskuti. Ni keki, tumeivalisha nguo ya mwenzake."

Meneja alimwambia kwamba jina la bidhaa haliamuliwi na mtu anayebonyeza. Bwana Kesho akaomba siku tisa. Ziwekwe sahani tatu wazi ofisini kwa meneja mwenyewe: moja ya keki, moja ya biskuti, moja ya kiduara kilichookwa asubuhi ile. Siku ya tisa meneja abonyeze na kuvunja kwa mkono wake. Kiduara kikifuata njia ya biskuti, atatia sahihi, na jina lake liongezwe chini ya langu.

Sijui kwa nini meneja alikubali. Labda alidhani siku tisa ni chache. Lakini alimnyang'anya ufunguo wa chumba cha sampuli na kumpeleka kupakia malori hadi siku hizo ziishe, na mimi nikaambiwa nikae kantini nikiosha vyombo.

Siku mbili za mwanzo zilikwenda vizuri. Katibu muhtasi wa meneja, mama mmoja mwenye miwani ya kamba aliyekuwa akipenda amani kuliko kitu chochote, alitupenyezea habari wakati wa chai: keki imeanza kukauka kingo, na kiduara nacho. Siku ya tatu ikanyesha. Haikuwa mvua ya kupita. Ilikaa. Madirisha ya kantini yalijaa ukungu, shati ulilofua jana ulilivaa leo likiwa bado na baridi ya kamba, na unga kwenye mapipa ukaanza kushikana mabonge. Hewa yote ilikuwa maji. Siku ya sita meneja alibonyeza sahani zote tatu. Biskuti ilikuwa laini. Keki ilikuwa laini. Kiduara kilikuwa laini. Akacheka, akamtuma katibu wake atuite.

Tulisimama mbele ya meza yake, Bwana Kesho amelowa hadi magotini kutoka kwenye malori, mimi nanuka sabuni.

"Tofauti yako iko wapi?" meneja akauliza.

Bwana Kesho aliziinamia zile sahani. Sikuwahi kumwona mtu akitazama kitu kwa upole namna ile siku ambayo angeweza kukosa kazi. Akabonyeza keki, akabonyeza kiduara, akainua biskuti na kuiacha ijikunje mkononi kama kitambaa.

"Leo zimekutana," alisema. "Zinapishana, bosi, na leo ndiyo siku ya kupishana. Umenipa tisa. Zimebaki tatu."

"Na mvua isipokatika?"

"Basi nitakuwa nimekosea siku, sijakosea kitu. Lakini sahihi nitaiweka, kwa sababu nilisema."

Tulipotoka nilimwambia kwamba hakuwa na sababu ya kujiponza kwa ajili yangu, mtu ambaye hata jina lake kamili hakulijua. Tulikuwa tumesimama chini ya bati la upakiaji, mvua inashuka mbele yetu kama pazia lisilo na mwisho.

"Nimekaa miaka kumi na moja na vitu visivyoweza kujisemea," alisema. "Kila kimoja nimeandika kilichokipata, sikuongeza, sikupunguza. Nikiandika uongo mara moja, sahani zote zile zitakuwa uongo. Nitaingiaje mle tena?" Kisha akaongeza, "Na dada, keki yako ni nzuri. Alama ya kidole inarudi kwa hesabu ya nne."

Sijawahi kupewa sifa iliyonikaa kama ile. Nilirudi kwenye masufuria nikihesabu hadi nne.

Siku ya saba ilinyesha hadi mchana, kisha ikaacha. Siku ya nane jua lilitoka na upepo mkavu, na ule upepo ulipita katika kiwanda kizima ukifungua vitu: milango iliyovimba, mifuko iliyoshikana, hata vifua vya watu. Katibu muhtasi, bila kuulizwa na mtu, alifungua madirisha yote mawili ya ofisi ya meneja na kusema kuna harufu ya zulia.

Siku ya tisa tuliitwa saa tatu asubuhi. Meneja alichukua biskuti na kuivunja karibu na sikio, kama alivyokuwa amemwona Bwana Kesho akifanya, labda bila kujua kwamba anamwiga. Haikutoa sauti. Ilivutika, ikachanika. Akachukua keki, akaibonyeza, na kidole chake hakikuingia. Alipokibonyeza kiduara nacho hakikuingia. Akakigonga mezani kidogo, kwa adabu, na tukausikia mlio wake sote wanne, maana katibu muhtasi alikuwa amesimama mlangoni na faili asilolihitaji.

Bwana Kesho akatoa mfukoni kiduara kingine, kilichokuwa kimefungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa kwa wiki sita. Alikuwa amemwomba katibu amtolee chumbani. Meneja akakifungua, akakila. Akala chote. Akatazama dirishani kwa muda, na mimi nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa mtu aliyechoka.

"Nilishawatangazia watu kwamba ni biskuti," alisema.

"Hakijakasirika, bosi," Bwana Kesho akamjibu. "Kibadilishie karatasi tu."

Ile karatasi nyingine, yenye sahihi moja, meneja aliichana vipande vinne na kuvitia kwenye kikapu. Wiki hiyo kiduara kilihamia upande wa keki, kikafungwa kama keki, kikapewa siku za keki, na halijarudi kutoka dukani hata kasha moja kwa sababu ya ugumu. Bwana Kesho alirudishiwa ufunguo. Mimi nilirudi tanurini. Kuanzia siku hiyo ananiita dada na hajaacha, na mkewe ananiita wifi, na kila mwaka ananishonea aproni ambayo mfuko wake ni mkubwa kupita kiasi kwa makusudi ambayo hajawahi kuyaeleza.

Yaliyofuata katika miaka ishirini na miwili ni mengi, na nafasi ya jarida si kubwa. Aliandika daftari sitini na nane kwa mwandiko ulionyooka, na idara ya ubora imeamua kuzihifadhi zote. Alifundisha watunza sampuli wa viwanda vitatu, akiwakataza jambo moja tu, kuharakisha. Mashine ya kupima unyevu ilipoletwa tulihofu atahuzunika. Yeye aliikaribisha kama mgeni, akaipangusa, akaiuliza kuhusu biskuti moja, naye akaipima ile biskuti kwa sikio. Walitofautiana kidogo sana. Alisema mashine bado changa, itazoea.

Mara moja alisahau likizo yake kabisa, akaja kazini siku nne, na hakuna aliyemwambia kwa sababu kila mmoja wetu alifurahi kumwona. Mara nyingine alikaa kikao cha saa mbili bila kusema neno, na mwishoni alipoombwa maoni akasema mawingu yamehama kutoka upande huu wa ghala hadi upande ule. Kikao kilifungwa kwa furaha.

Wiki iliyopita uongozi ulimuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa. Alifikiri siku mbili. Kisha akaja kwangu akiwa na aibu kidogo, akauliza kama angeweza kukaa karibu na tanuri asubuhi moja.

Sikuelewa. Ndipo akanieleza kwamba tangu apewe ule ufunguo alijiwekea sharti la kutokula chochote kikiwa cha moto, ili ladha ya siku ya kwanza isije ikampendelea. Kila kitu tulichooka alikijua kuanzia kilipopoa. Alikijua kikizeeka. Hajawahi kukijua kikizaliwa.

Jumanne saa moja asubuhi nilimwekea kigoda mbele ya tanuri langu. Alikuja na ile suruali iliyonyooshwa. Mwanga wa asubuhi ulikuwa umeingia kupitia madirisha ya juu na mvuke ulikuwa ukipanda ndani yake, na wenzetu wa zamu walipunguza sauti bila mtu kuwaambia. Nikafungua mlango wa tanuri. Nikachukua keki ndogo moja, nikaizungushia karatasi, nikaiweka kiganjani mwake. Hakuibonyeza. Aliishika tu, hadi kiganja kikazoea joto, akaikata kati, ule mvuke ukampiga usoni, akala.

Alikaa kimya muda wake wa kawaida, na sisi sote tukamsubiri, maana hilo alitufundisha vizuri.

"Kumbe," akasema, "huwa hivi."

Akaomba nyingine.

Kaka yetu, kwa niaba ya tanuri la keki, meza ya biskuti, upakiaji, madereva, kantini na ofisi, tunakushukuru kwa miaka yote uliyotuandika bila kuongeza wala kupunguza. Mpe salamu wifi yangu. Nenda ukapumzike, na kila utakachokula kuanzia sasa, kaka, ukile kikiwa bado cha moto.